Sifuri Mbili za Cherehani

Dada: Haloo? Ni nani? Namba hii siijui.

Kasuku: (kwa sauti nzito) Ehem. Habari za asubuhi. Hapa ni ofisi ya Wakili Mwandamizi wa Wanunuzi Wanyonge. Je, ninazungumza na yule binti anayeandika bei kwenye duka la cherehani la mtandaoni?

Dada: Kasuku.

Kasuku: Kasuku simjui. Mimi na ndege wapi na wapi? Mteja wangu, raia mwema, mpole, mtanashati—

Dada: Kasuku, leo siwezi.

Kasuku: (kwa sauti yake) Aa, Dada! Umenijulia wapi?

Dada: Simu ya nani hiyo?

Kasuku: Ya mpishi wa shule. Nimemsugulia masufuria mawili, kwa hiyo sikiliza haraka, salio lake ni la kudonoa. Jana jioni tukiwa maabara ya kompyuta nilifungua ukurasa wa duka lenu. Cherehani ya miguu, ile kubwa, mnauza elfu nne na mia tano. Elfu nne, Dada! Hata mkasi haupatikani!

Dada: Ni laki nne na nusu. Sifuri mbili hazikuandikwa.

Kasuku: Najua! Ndiyo maana nauliza kisheria. Mmeandika wenyewe, mtu kalipa, mkamjibu "Oda yako imekubaliwa, asante." Si mnalazimika kumpa? Neno limeshatoka, halirudi.

Dada: Ile inajibu mashine, hata ukinunua usiku wa manane. Wakili wa duka, wakili wa kweli, amesema bei ya mtandaoni ni mwaliko tu, si ahadi. Na kosa likiwa wazi kiasi hicho, halimfungi muuzaji. Hakuna mtu mzima anayeamini cherehani ni bei ya mkasi.

Kasuku: Kwa hiyo?

Dada: Kwa hiyo oda zote zinafutwa, watu wanarudishiwa. Tangu alfajiri nafuta mimi. Sitini na moja. Natukanwa mpaka marehemu Mama anatajwa.

Kasuku: Pole, Dada. Lakini... hata moja tu hamwezi kuiacha? Moja ndogo, ya mtu mwenye sababu nzuri?

Dada: (mtandao unakwaruza) ...imeandikwa "Kwa Dada, usimwambie."

Kasuku: Nini? Haisikiki!

Dada: Oda ya kwanza kabisa. Kwenye nafasi ya maelezo mtu kaandika "Kwa Dada, usimwambie. Aache kushona kwa mkono." Na mzigo upelekwe kwangu. Chumba changu, namba ya mlango wangu.

Kasuku: (kwa sauti nzito) Mteja wangu...

Dada: Kasuku?

Kasuku: Nilitaka iwe kama ile ya Mama. Ile uliyouza nikapata godoro na sanduku la shule. Nimeandika barua za mapenzi za bweni zima, Dada. Nina wateja mpaka kidato cha sita. Hata elfu nne ilinichukua muhula mzima.

Dada: Najua. Maelezo yako nimeyasoma mara nyingi.

Kasuku: Sasa mbona unalia? Ifute tu. Sinuni, wallahi.

Dada: Bosi ameiona kabla yangu. Asubuhi alikuwa ameshanisamehe. Alisema binadamu hukosea, kalamu huteleza. Halafu akatazama anwani ya oda ya kwanza. Akaniuliza, "Hii si nyumba yako?"

Kasuku: Subiri—

Dada: Anasema sikukosea. Nilishusha bei makusudi nijiuzie, hao sitini wengine ni bahati mbaya. Saa sita nakabidhi funguo. Sijafukuzwa kwa kosa, mdogo wangu. Nimefukuzwa kwa wizi.

Kasuku: Lakini ulikosea! Mwambie ulikosea!

Dada: Nimemwambia. Akauliza, miaka mitatu hujawahi kuacha hata nukta, jana saa nne na dakika ishirini ulikuwa na nini?

Kasuku: Ukamjibu?

Dada: Nilisinzia.

Kasuku: Wewe husinzii, Dada. Wewe hata kwenye misa ya— Saa nne na ngapi?

Dada: Achana nayo.

Kasuku: Na dakika ishirini ni mapumziko yetu. Ndiyo saa niliyo... Dada, ndiyo saa niliyokupigia.

Dada: Nimesema achana nayo.

Kasuku: Nikajifanya Mwalimu wa Nidhamu. Nikasema mdogo wako ameanguka kutoka ghorofa ya pili, hajitambui. Lakini nilicheka! Nilicheka kabla hujalia!

Dada: Nilikuwa nimeshalia. Mkono ulikuwa kwenye bei, sifuri mbili zimebaki. Nilibonyeza kitu cha kwanza nilichogusa, nikainuka kutafuta viatu.

Kasuku: Mungu wangu. Mwambie! Mwambie bosi ni mimi!

Dada: Apige simu shuleni? Una onyo la mwisho, Kasuku. Ulipotangaza likizo kwenye kipaza sauti kwa sauti ya mkuu wa shule, watoto mia tano wakafungasha masanduku, nani alipiga magoti ofisini? Magoti haya haya. Mkuu alisema nini?

Kasuku: "Sauti moja zaidi, na aondoke na godoro lake."

Dada: Basi. Mimi kazi nitapata. Wewe soma.

Kasuku: Kazi utapata wapi wakisema u mwizi?

Dada: Oda yako nimeiacha ya mwisho. Vidole vinakataa.

Kasuku: Namba ya bosi ninayo.

Dada: Umeitoa wapi?

Kasuku: Ipo chini ya ukurasa wenu. Niliikariri nimpigie kama wakili.

Dada: Usithubutu! Urudishwe nyumbani na godoro lako, ile cherehani ya Mama niliyouza iende bure?

Kasuku: Dada, hivi sauti yangu mwenyewe ikoje? Nikimpigia, atajuaje si maigizo?

Dada: Inatetemeka. Kama sasa hivi.

Kasuku: Haya. Mpishi ananionyesha kidole kimoja. Salio limebaki la simu moja fupi.

Dada: Basi ongea na mimi mpaka liishe! Ongea chochote! Nihadithie hizo barua, nani kamwandikia nani—

Kasuku: Dada...

Dada: Niite binti wa bei! Rudia yule wakili wako, mbona moyoni nilikuwa nacheka? Au hata yule Mwalimu wa Nidhamu, niigizie tena, sikasiriki, niambie umeanguka—

Kasuku: Kwaheri, Dada. Oda usiifute kwanza.

Dada: Kasuku, usikate! Kasu—