Jirani Yangu wa Mezani, Ndugu Gerwig

Baba Abati Wolfhard, mgeni na mkaguzi wetu Abati Eberwein wa nyumba mama, na ndugu zangu wote:

Katika mkesha wa Mtakatifu Martino, mwaka huu wa 1487, Gerwig alirudisha fimbo ya uabati wa monasteri yetu ya Lindenbrunn baada ya kuishika kwa miaka ishirini na tisa. Ukijumlisha na ile aliyokuwa mtawa wa kawaida, ameitumikia nyumba hii miaka arobaini na sita. Tangu siku hiyo yeye ni Ndugu Gerwig tena, na amerudi kukaa benchi letu.

Wasifu kama huu husomwa kikaoni, ambako kila mtu ana ruhusa ya kusema. Mimi Ortlieb, msomaji wa wiki, nimeomba niusome hapa mimbarini wakati wa chakula, kwa sababu moja tu: kikaoni angeninyamazisha. Mezani kanuni inamtaka ale kimya na asikilize. Furahia maharage yako, Ndugu Gerwig. Leo nimekuweza.

Tulibisha hodi siku moja, tukiwa vijana, yeye mtoto wa mwashi na mimi wa mtengeneza mapipa. Nilisimama langoni nikwangue matope kwenye viatu. Mwenzangu akaingia na matope yake. Ndiyo sababu amekuwa mkubwa wangu maisha yote, maana hapa tunakaa, tunaimba na kuzikwa kwa kufuata nani aliingia kwanza.

Kuimba, tuseme ukweli, Mungu hakumjalia. Kwetu anayekosea zaburi hupiga magoti mbele ya wote, na magoti ya Gerwig yameisugua sakafu ya kanisa kuliko ufagio. Nilidhani akiwa abati ataacha kupiga magoti. Nimewahi kuona abati wa nyumba nyingine akikosea halafu akamkazia macho mwimbishaji, kana kwamba kosa ni la mwimbishaji. Gerwig alishuka kwenye kiti chake kikubwa, akapiga magoti, akapanda, akakosea tena, akashuka tena. Nyie mliokuwa mkicheka ndani ya mikono ya kanzu nawajua.

Abati Eberwein anajua desturi ya meza yetu, lakini wageni wengine huishangaa. Hakuna anayejiombea kitu. Ukikosa chumvi, jirani yako ndiye anayemwita mhudumu na kumwonyesha kwa ishara ya mkono. Ukikosa jirani, umekwisha.

Ndivyo ilivyomkuta Gerwig katika Kwaresima yake ya kwanza ya uabati. Hakukuwa na wageni, kwa hiyo alikaa peke yake meza kuu. Mhudumu akamsahau. Abati akakunja mikono, akatabasamu, akangoja mpaka sala ya kumaliza chakula. Siku ya pili mhudumu alidhani baba anafunga, akampita kwa heshima. Sisi tukasema mioyoni kwamba tumepata mtakatifu, na kwa kuwa mtakatifu huigwa, tukaanza kusukuma mabakuli pembeni. Siku ya tatu bawabu alizimia langoni, funguo zikiwa mkononi. Hapo Gerwig akasimama kikaoni.

"Jamani, nani kawaambia nafunga? Nimesahauliwa tu! Nina njaa mpaka naona nyota mchana!"

Tangu hapo, siku isiyo na mgeni, maskini mmoja wa langoni hukaribishwa kula meza kuu. Watu husifu ukarimu wa Gerwig, na kweli ni mkarimu. Ila pia alitaka mtu wa kumwombea mkate.

Paa la kanisa mnaloliona ni kazi yake, na bwawa la samaki lililo chini ya kinu alilichimba pamoja nasi, miguu wazi, akitukana mizizi kwa Kijerumani cha waashi. Lakini nikiulizwa alifanya nini kikubwa, nitataja mwaka ule wa vita, wanakijiji walipokimbilia kwetu na watoto, kuku na ng'ombe wao. Bawabu alisimama katikati ya lango akiwazuia.

"Baba, na wanawake je? Kanuni hairuhusu!"

"Fungua, mzee wangu. Kanuni nitaibeba mimi."

Wiki mbili tuliimba zaburi huku ng'ombe wakiitikia, na wengine walisema ng'ombe wako kwenye sauti kuliko abati. Ng'ombe mmoja alizaa ndani ya chumba cha kikao. Askari walipopita, hakuna mtu wa kijiji hiki aliyepotea. Mkaguzi wa wakati ule alimhukumu Gerwig kula sakafuni mpaka Pasaka kwa kuingiza wanawake. Alikula huko bila kinyongo, paka wa jikoni akiwa ubavuni pake. Alisema walau sasa amepata jirani.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Mwaka huu, katika maandamano ya kubariki mashamba, alitangulia na msalaba, akakosa njia, akaingia katikati ya shamba la maharage. Sisi sote tukamfuata, wawili wawili, tukiimba. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha abati. Mwenye shamba, mama mmoja mwenye sauti kubwa, ndiye aliyetusimamisha.

"Nyie mapadre mmelewa? Hayo maharage yangu mtanilipa kwa zaburi?"

Jioni aliniita bustanini. "Ortlieb, nimewaingiza kwenye maharage na hakuna aliyenishika mkono. Siku nikiwaingiza shimoni je?" Niliona ameshaamua. Nililia, wala sioni haya kulisema hapa mbele ya wageni.

Sasa nafika kwenye jambo linalotunyima usingizi. Mnajua kwamba katika nyumba zetu abati anayestaafu mara nyingi huhamishiwa nyumba nyingine, na kwamba kesho kikaoni Abati Eberwein ataamua kama Gerwig abaki au aende ng'ambo ya milima. Sababu yake ina uzito, siidharau. Watu waliomfuata mzee mpaka kwenye maharage watamtiije abati mpya, huku yule mzee bado anapita ukumbini?

Basi nieleze nilichokiona wiki hii. Mpishi alimwendea Gerwig kumuuliza samaki wa Majilio watatolewa lini bwawani.

"Kamuulize abati," akajibiwa.

"Lakini wewe ndiye uliyelichimba, Baba!"

"Abati ni yule mwenye fimbo. Mimi ni mzee wa maharage. Hebu niache nisali."

Na Baba Wolfhard alipokabidhiwa fimbo, wa kwanza kupiga magoti mbele yake alikuwa huyu huyu aliyemfundisha kufunga mshipi wa kanzu. Abati Eberwein, ulikuwepo. Tulimfuata hata katika hilo.

Hapa nyumbani Gerwig hahitaji macho. Anapapasa nguzo za ukumbi akijua yuko wapi, na ngazi ya kanisani ameizoea kwa unyayo. Huko ng'ambo atakuwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Nilimwambia amwombe mkaguzi. Alinicheka. "Umezeeka, Ortlieb. Umesahau kwamba hapa hatujiombei?"

Ndugu Gerwig, tunakushukuru kwa paa, kwa samaki, kwa lango ulilolifungua, na kwa kila zaburi uliyoiharibu ukaipigia magoti. Tunakuombea uzee mtulivu, siku zenye jua la kukaa ukutani, na usingizi usiokatizwa na kengele.

Ila nikitazama kutoka hapa mimbarini, naona nafasi ya kushoto kwako iko wazi. Ni yangu. Leo huna jirani, kwa kuwa jirani yako anasoma. Basi naomba kutoka huku huku. Abati Eberwein, ndugu yangu amepungukiwa na kitu kimoja mezani, nacho ni mahali pake. Naomba apewe.

Ee Bwana, utuhurumie.

*Nyongeza ya siku ya pili, nikinakili haya kwa ajili ya nyumba zetu nyingine:* Nilipomaliza kusoma, Abati Eberwein naye alifungwa na kanuni ya kunyamaza mezani. Aliinua mkono akamwita mhudumu, akamwonyesha Gerwig mwishoni mwa benchi, kisha akatoa ishara ya mkate. Asubuhi kikaoni alitamka kwa mdomo kile tulichokuwa tumeshakielewa: Ndugu Gerwig anabaki Lindenbrunn.

Mkate ule uliwekwa mbele yake jana ile ile. Aliupapasa, akajua ni nini. Hakuula. Aliusogeza kushoto, mahali pangu, kwa kuwa msomaji alikuwa bado hajala.