Masikio ya Zohali

Benchi la Shariff lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya madebe mawili ya mafuta taa, nje ya kibanda chake cha kahawa mjini Kisii, upande wa barabara ya Kiogoro. Waliolikalia kila jioni walikuwa wamejipa kazi ya kuieleza dunia, na dunia haikuwahi kuwalalamikia. Mwalimu Angwenyi alikuwa mmoja wao, ingawa yeye ni Msabato wa kanisa la kilimani Nyanchwa na kahawa haigusi. Shariff alimtilia maji ya moto katika kikombe kama cha wenzake, asionekane mgeni. Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na sita, giza lilipoanza kuingia, Mwalimu alifika amebeba darubini kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Akaisimamisha mbele ya benchi kwa miguu yake mitatu, akawaambia wenzake alichokuja kutafuta. Alikuja kutafuta masikio.

Wote waliijua habari. Marehemu mkewe, Bosibori, alikuwa akimfulia nguo bwana mmoja mpimaji wa ardhi. Mwezi wa saba bwana huyo alimwita barazani, akamwonyesha nyota kwa darubini hii hii. Bosibori akarudi nyumbani akasema nyota ile ina masikio mawili, kama bakuli la sukari la Wazungu, lile lenye mkono huku na mkono huku. Siku hizo homa ilikuwa imekwisha kumwanza. Habari ikafika kwenye benchi, benchi likacheka, na kicheko kikapanda mpaka Nyanchwa. Baada ya wiki tatu Bosibori alilala usingizi wa kungoja parapanda. Kaburini, mzee mmoja wa kanisa alisimama akamwomba Mungu amrehemu dada huyu, ambaye siku zake za mwisho akili zilikuwa zimemtoka.

Neno hilo lilimkaa Mwalimu kifuani kama mfupa. Kesho bwana mpimaji angefunga mizigo na kuhama, na darubini ingekwenda naye. Iliyobaki ni jioni hii moja, na mashahidi ni hawa hawa waliocheka.

— Nyota yenyewe iko wapi? aliuliza Okemwa. Huyu aliitwa Bama, kwa kuwa alikwenda Bama kwenye vita vya Wajapani akiwa mpishi na akarudi akiwa jenerali wa benchi.

— Ile pale, juu ya paa la duka la Mhindi. Ya manjano, iliyotulia.

— Hiyo ni Zohali, alisema Shariff. Babu yangu aliijua kwa jina.

— Babu yako alimjua kila mtu, isipokuwa fundi wa kumtengenezea benchi, alisema Bama.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na vioo viwili vya kutazamia. Bwana mpimaji alikuwa amemwambia Mwalimu aanze na kile hafifu, kisichokuza sana. Onchiri akavipima mkononi. Alizunguka miaka miwili na greda la barabara, akilibebea maji, na tangu hapo hakuitwa jina jingine ila Injinia.

— Hafifu? Mwalimu, umekuja kutafuta ushahidi au umekuja kuchungulia? Weka hiki kikali.

Mwalimu akaweka kile kikali, akainama. Nyota ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini ilikuwa inachemka. Ilitanuka, ikanywea, ikakatika vipande, ikaungana tena, kama kokoto linaloonekana chini ya maji yanayokwenda mbio.

— Inatetemeka, alisema polepole. Sioni upande wala upande.

— Hiyo ni baridi, alisema Injinia. Kioo kimepigwa baridi. Nyinyi hamjaona greda asubuhi? Haliendi mpaka lipashwe moto. Shariff, lete jiko.

Shariff akasogeza jiko la kahawa, birika likiwa juu yake, mpaka chini ya mdomo wa darubini. Mwalimu akainama tena.

— Imezidi.

— Dawa imeanza kuingia. Mgonjwa wa homa hatoki jasho kwanza? Ongeza makaa!

Makaa yakaongezwa. Bama akatazama, akaondoa jicho, akalifuta, akatazama tena.

— Injinia, wewe wacha. Hii si baridi, hii ni dunia. Dunia inazunguka, hata Wazungu wamekubali. Sisi tunakwenda mbio, nyota imesimama. Itaonekanaje? Kule Bama tulikuwa tunalenga adui tukiwa juu ya lori.

— Wewe ulikuwa unalenga viazi, alisema Shariff.

— Na viazi pia, juu ya lori linalokwenda! Sikilizeni amri. Watu wote wakae kimya, miguu juu, mtu asipumue. Moja, mbili!

Wakakaa hivyo, miguu hewani kama kuku waliofungwa kwenda sokoni. Mwalimu naye akazuia pumzi, jicho kwenye kioo, na moyoni akasema, Bwana, mara moja tu. Nyota ikaendelea kuchemka. Injinia akashindwa, akakohoa, ubao ukainuka upande mmoja na Bama akaenda chini.

— Umeona? alisema Bama kutoka mavumbini. Dunia hiyo! Imenitupa!

Shariff alimimina kahawa kwanza, ndipo akatoa maoni yake.

— Nyinyi mnasahau serikali. Hali ya hatari bado haijaondolewa. Nyota imetoka upande wa Nyamira mpaka hapa haina kipande, haina ruhusa ya kutembea, na sasa watu wazima wanne wanaikodolea bomba. Ingetulia vipi? Hata mimi askari akinitazama hivyo, natetemeka.

— Hapo sasa! alisema Injinia. Basi tuiandikie barua.

— Mwalimu ndiye mwenye hati nzuri.

Mwalimu hakucheka. Alitazama paa la Mhindi, akaona Zohali imekwisha kushuka kiasi. Ikifika nyuma ya paa, mkewe atabaki mwendawazimu mpaka siku ya ufufuo.

Ndipo akaja Dahabo, mama wa Kisomali aliyemletea Shariff maziwa kila asubuhi, kuchukua vibuyu vyake. Alikuwa mgeni wa benchi. Kwa kawaida alichukua vyombo akaenda. Leo alichuchumaa karibu na jiko apashe mikono, akatazama mbele.

— Shariff, mbona taa ya Mhindi inacheza?

— Taa gani?

— Ile ya dukani. Nikiitazama juu ya moto wako, inacheza. Nikisogea huku, imesimama. Nikirudi, inacheza.

Wote wakageukia taa ya Mhindi. Injinia akasema taa ni kitu kimoja na nyota ni kitu kingine, lakini alisema kwa sauti ndogo.

— Ondoeni jiko, alisema Mwalimu.

— Jiko haliondoki likiwa na kahawa, alisema Shariff. Kahawa ikipoa mikononi mwangu, mimi nitamwambia nani nini?

— Basi inyweni.

Wakanywa. Hakuna aliyewahi kuona benchi likimaliza birika kwa haraka hivyo. Bama alikunywa vikombe vinne, ulimi ukiungua, akisema kila kimoja ni kwa ajili ya marehemu. Birika lilipokauka, Shariff akalipeleka jiko nyuma ya kibanda. Mwalimu akatoa kile kioo kikali, akaweka hafifu. Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja maji yatuame. Kisha akainama.

Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Ilikuwa imetulia. Na huku ilikuwa na sikio, na huku sikio.

Alikaa hapo muda mrefu hata Bama akamgusa bega.

— Mzee, tuachie na sisi.

Wakapokezana. Bama alipiga saluti. Shariff akasema bakuli la sukari, wallahi, bakuli lenyewe. Injinia akatazama kuliko wote, akainuka na kifua mbele.

— Si niliwaambia? Ilikuwa inahitaji kupashwa moto!

— Mtayasema haya kanisani? aliuliza Mwalimu. Jumamosi, mbele ya wazee?

— Tutasema! Mama yule alikuwa na akili timamu.

— Timamu kabisa. Hata mimi Mwislamu nitapanda kilima, nisimame mlangoni, niseme.

Dahabo akatazama wa mwisho. Hakupiga kelele.

— Na yeye alisema hivi hivi?

— Hivi hivi, walijibu wote.

— Basi siku ile mlikuwa mnacheka nini?

Shariff akaokota kitambaa, akaanza kupangusa kikombe kilichokuwa safi. Bama akainua chake apate pa kuweka mdomo, akakuta ni kitupu. Injinia akatazama barabara, kama kwamba greda lingepita.

Mwalimu Angwenyi alihisi swali likimpita kila mmoja na kuja kusimama kwake. Maana Bosibori hakumwambia mtu mwingine habari za masikio. Alimwambia mumewe, kitandani, akiwa amemshika mkono, na kesho yake jioni ni yeye aliyekaa kwenye ubao huu, na kikombe chake cha maji ya moto, akaanza, "Mnajua mke wangu ameona nini?"

Alifungua kinywa. Hakuna aliyemwangalia isipokuwa Dahabo. Ndani ya kioo Zohali ilikuwa ikitoka polepole upande mmoja, na hakuna aliyenyoosha mkono kuisogeza darubini iifuate.