Neno la Kumwambia Esta

Mwaka wa Azimio, kwenye treni kutoka Same, kibarua wa mkonge alimgeukia mwalimu mmoja, mama wa makamo. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

"Shikamoo, mwalimu. Naitwa Eliufoo. Mke wangu Esta alikasirika akarudi kwao Lembeni. Anapenda Kiingereza. Nikimwambia mimi ni *inconsolable*, nitakuwa nimepatia?"

"Marahaba. Huyo ni mtu asiyefarijika kwa lolote. Jana ulikula?"

"Nilikula maharage."

"Ukacheka na wenzako?"

"Kidogo."

"Basi hujafika huko, mwanangu."

"Lakini kila jioni napakua sahani mbili. Ya pili inapoa tu."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta taratibu. Treni ikasimama Lembeni.

"Sasa nianze na neno gani?"

"Anza na sahani."