Siku ya Saba ya Taa ya Kijani

Juu ya nguzo iliyo nyuma ya benchi la kijiwe cha kahawa, halmashauri ilikuwa imefunga kisanduku cha kupima hewa. Hewa ikiwa chafu, taa yake huwaka nyekundu; ikiwa safi, kijani. Kilizinduliwa kwa hotuba tatu na utepe mmoja, kisha wote wakakisahau isipokuwa Soli, fundi viatu. Binti yake ana pumu, na moshi wa mtaa ulimhamishia kwa bibi yake. Wamekubaliana kwamba taa ikikaa kijani siku saba mfululizo, atarudi nyumbani. Asubuhi hiyo, ukungu ukiwa bado umelalia mapaa, ilikuwa siku ya saba. Soli alishona huku akimwona akilini binti yake akikimbia barabara nzima bila kusimama kushika kifua.

— Kijani hiyo ni kazi ya waraka, — alisema Karani, mstaafu wa halmashauri. — Tuliuandika enzi zangu. Moshi ukitaka kupita, uombe kibali, nakala tatu.

— Na moshi ukausoma? — aliuliza Soli.

— Moshi unaogopa muhuri, bwana. Ni wewe tu huogopi.

Birika, muuza kahawa, alipepea makaa. Moshi mwembamba ukapanda na nguzo.

— Achana na makaratasi, mzee. Halmashauri inunue kitambaa kimoja kikubwa, iuchuje mji mzima kama ninavyochuja kahawa. Machicha yabaki juu, sisi tuvute hewa huku chini.

— Na upepo? — aliuliza Karani.

— Upangiwe zamu! Jumatatu viwandani, Jumanne ukaoge.

— Wangezoa taka tu, — Soli alisema bila kuinua macho. — Lori lipite kila wiki, watu wasichome uani. Na yale mabasi ya moshi mweusi yasiruhusiwe kuingia.

— Fundi, wewe huna ndoto kabisa, — alisema Birika.

Alikuwa nayo moja, na alikwisha kuishonea viatu.

Ndipo akafika mwanamama wa halmashauri, ngazi begani. Akapanda, akaingiza mkono kwenye tundu la kisanduku, akavuta kitambaa cheusi kama tako la sufuria.

— Hiki cha nani?

Birika alikohoa.

— Changu, dada. Nilikichomeka wiki iliyopita. Moshi wa jiko ulikuwa unakiingia kisanduku puani, nikakionea huruma. Si mali ya umma?

Taa ikapepesa. Ikawa njano. Ikawa nyekundu.

Simu ya Soli ikaita, na sauti nyembamba ikajaa kijiwe kizima.

— Baba! Nimeshafunga begi. Bibi anauliza, leo taa ina rangi gani?

Soli aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Karani alikuwa akitafuta miwani aliyoivaa. Birika alinyanyua birika la kahawa, akalimimina lote juu ya makaa.

— Baba? Unanisikia?