Sauti ya Asmaa Sikioni Mwangu

Usiamini ukitaka. Kaa hapo ukanushe, mimi nanywa kahawa yangu. Mimi Taufiq wa Junda, niliyeacha shule darasa la saba kwa hiari yangu na ya mwalimu, nafundishwa kulea na mwanamke aliyeko Mkomani, Asmaa, mshauri wa malezi. Wakati wa somo mimi huwa mkekani kwangu na mtoto, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai inatutazama, na kidude cha sikioni kinaninong'oneza. Binti yangu Wardah, miaka minne, alikuwa aking'ata wenzake nasari hadi mwalimu akatupa mwezi mmoja: ajirekebishe, ama atafutiwe nasari nyingine. Mwezi unaisha Ijumaa. Leo siku ya kumi na tisa hajamtia mtu jino.

Hayo niliyasema jana baada ya alasiri maskani kwetu, nyuma ya duka la mbao. Alikuwepo Ami Badi, tunayemwita Waziri kwa sababu hakuna jambo asilokuwa na kauli nalo, na Mutua wa bandarini, tunayemwita Winchi kwa ile sauti yake ya kunyanyua makontena.

— Yaani unacheza na vikombe vya plastiki, na mwanamke anakuangalia? akauliza Winchi.

— Ananiangalia na ananisahihisha. Mtoto akipanga vikombe, Asmaa ananiambia msifu. Nasema, umepanga vizuri, mama. Akikirusha kimoja, naambiwa nyamaza, tazama kando. Natazama ukuta.

Waziri akataka kujua kama namsifu bila ya kusema mashallah, maana hapo nimemwita hasidi kwa jina. Nikamwambia mashallah nimekumbushwa na Asmaa mwenyewe siku ya kwanza. Akahamia kwingine: sauti ya sikioni haina mwisho mwema, leo yasema tazama ukuta, kesho itasema hama nyumba. Winchi naye akaapa kuwa bandarini washaanza kuendesha mitambo kutoka ofisini, kwa hivyo mwakani mwanamke mmoja atalea Kisauni nzima akiwa kitini.

— Na simu ikizima chaji, watoto wote yatima, akasema Waziri.

Winchi akasema dawa anaijua, tena haitaki bando. Mtoto akikung'ata, mng'ate. Aonje. Waziri akaitikia kwamba hata kwao ni hivyo, mara moja tu, mkononi. Kwa mwaka mzima sikuwa nimewaona wale wawili wakikubaliana.

— Na nyinyi dawa hizo ziliwatoa nini? nikawauliza. Ami, samahani, lakini mwanao huu mwaka wa tatu hapokei simu yako. Winchi, wako wakisikia mlango wanakimbilia chumbani. Mimi nitatazama ukuta. Mtaa mzima uje dirishani ucheke, nitautazama tu.

Waziri akanywa kahawa yake polepole.

Alikuwepo Lenox, kijana wa bodaboda, amesimama akimngoja abiria wake atoke dukani. Hatumjui sana.

— Kwani alianza lini kung'ata? akauliza.

Waziri akamtazama Winchi. Winchi akatazama kikombe chake. Mimi nikasema ameanza tangu kuota meno, wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

Sasa wewe nitakwambia niliyoyaruka. Ile dawa yao niliitumia Ramadhani, kabla hawajaitaja. Wardah alikuwa amemng'ata binamu yake mara moja, katika kugombania tende. Nikamshika mkono wa kushoto nikamng'ata mimi, babake, na alama ikakaa siku mbili. Kabla ya siku ile alikuwa mtoto aliyeng'ata mara moja. Baada yake, yeyote aliyemnyooshea mkono alipata meno.

Asmaa sijamwambia. Huwa anashangaa kwa nini mtoto anacheza kwa mkono mmoja tu, wa kushoto kauficha mgongoni. Mimi natazama ukuta, na siyo kwa sababu nimeambiwa.