Kiti cha Mwalimu Nanyaro Hakirithiwi

Ndugu waombolezaji, familia inasimama mbele yenu ikiwa na hofu, na haitaificha, maana Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuificha yake.

Marehemu Mwalimu Elibariki Nanyaro alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, Poli, Meru, akasoma huko huko, akaendelea na ualimu Marangu, akafundisha historia Arusha kwa miaka mingi, na tarehe 2 Julai 1977 akafunga ndoa na Prudensia, wakajaliwa watoto wawili, Majaliwa na Precious.

Mwaka 1990 walihamia hapa Marekani, mjini Euless, Texas, akafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Barabara kuu za Texas zilimtia kiwewe mpaka mwisho, hata safari ya Stafford, ya saa nne kwa wengine, yeye aliipitia barabara ndogo kwa saa nane, na bado alifika akitokwa jasho.

Novemba 1996 jirani yao Onyancha alifariki peke yake, akalala chumba cha maiti wiki tatu bila wa kumuulizia, na Mwalimu akamwambia mkewe waziwazi kwamba anaogopa kufa hivyo. Kwa woga huo, tarehe 8 Februari 1997, aliwakusanya sebuleni kwake watu wa Euless, Mansfield na Stafford, wakaanzisha Umoja wetu wa kuzikana, wakamchagua kuwa mwenyekiti. Alikuwa akijisomea mtihani wa uraia, akavutiwa mno kwamba waasisi wa taifa hili walitia saini azimio la kujitenga na Uingereza wakijua wanaweza kunyongwa, na kwamba rais wao wa kwanza aliacha madaraka kwa hiari. Akaandika katika katiba yetu kwamba mwenyekiti hapiti vipindi viwili vya miaka minne minne, na mwanawe hamrithi. Cheo ni dhamana, alisema, kisha akacheka, akakiri kwamba utamu wa kiti nao anauogopa.

Januari mwaka huu, 2004, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Jumapili tarehe 13 Juni, nyumba ikiwa imejaa watu.

Jumanne wazee walikuja kumsihi mjane amwachie Majaliwa kiti, wakisema bila jina la Nanyaro watu wa Stafford watajitoa, na Umoja utakufa. Prudensia aliogopa sana, maana ni mjane ugenini, na hajasahau Onyancha alivyolala. Hata hivyo alikataa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa ghalani waliomfanyia zamu zake.

Uchaguzi ni Jumamosi ijayo, kama katiba inavyosema, na Majaliwa atapiga kura yake moja, kisha atasaidia kukunja viti. Tunaogopa, Mwalimu, kama ulivyoogopa wewe ulipoanza. Pumzika kwa amani.