Dhana ya Manukato

Basini, mshonaji alimlalamikia mwalimu wa sayansi aliyeketi kando yake. "Dada, kila Jumatano mume wangu hujipaka manukato akienda kumchukua mtoto shuleni. Kuna mwanamke huko!" Mwalimu, aliyekwisha kuweka mkoba begani ili ashuke kituo cha shule, alijibu kwa upole, "Hiyo ni dhana tu. Dhana hupimwa kwa jaribio." Mimi, niliyeketi nyuma yao, nilifunzwa msikitini kwamba baadhi ya dhana ni dhambi, lakini sikuulizwa.

"Nipime vipi?"

"Badili kitu kimoja, vingine viache vilivyo."

"Nimebadili, mwalimu. Leo namchukua mimi, na nimejipaka manukato yaleyale. Atakayeshtuka kwa harufu, ndiye."

Basi likasimama penye shule. Mshonaji akashuka. Mwalimu akautua mkoba mapajani, akasema anashuka kituo cha mbele.